Redio Haisikiki Mbali? Pima Antena Kwanza

Mahali simu hazina mtandao, ambulensi, boti za uokoaji na walinzi wa hifadhi za jamii hutegemea redio za mawasiliano. Lakini redio yaweza kuwaka vizuri na mwito usifike, kwa sababu nguvu inarudi kutoka kwenye antena badala ya kwenda hewani. Kipimo cha hali hiyo huitwa SWR.

Jinsi ya kupima:

1. Zima redio. Unganisha mita ya SWR inayofaa masafa ya redio yako, kati ya redio na kebo ya antena.
2. Washa redio, hakikisha chaneli haitumiki, kisha bonyeza kitufe cha kuzungumza kwa sekunde chache. Mtu yeyote asiguse antena.
3. Soma nguvu inayokwenda na inayorudi.

Wati 50 zikienda na 2 zikirudi, SWR ni 1.5, hiyo ni nzuri. Zikirudi 12.5, yaani robo, SWR ni 3. Usiendelee kuitumia. Kagua kama kiungio kimelegea, kebo imeingia maji au antena imevunjika.

Pima kabla ya mvua kuanza. Usingoje siku ya dharura.