Mstari mmoja hautoshi: namna ya kusoma Biblia wakati wa taabu Goma

Mji wetu umepitia moto wa mlima wa volkano wa Nyiragongo mwaka 2002 na 2021, kisha vita vya Januari 2025. Si ajabu watu wengi hapa wanatafuta ukweli na tumaini ndani ya Biblia. Wanafanya vizuri. Ila ipo namna ya kuisoma inayompa mtu nguvu, na ipo inayomfungulia mlango mdanganyifu.

Uanzie wapi? Mimi ningekuambia Yeremia, sura ya 27 hadi ya 29, bila kuruka. Wengi wanajua 29:11 tu, ule mstari wa tumaini unaobandikwa ukutani. Lakini angalia uliandikiwa nani: watu waliong'olewa makwao na vita, wakapelekwa Babeli. Kule Yerusalemu nabii Hanania alikuwa akitangaza kwamba ndani ya miaka 2 wote watarudi. Yeremia akawaandikia barua ya namna nyingine: wajenge nyumba, walime bustani, waozeshe watoto, wauombee amani mji waliomo. Mstari wa 10 unataja miaka 70. Ndipo unafuata wa 11. Anayeushika peke yake atangojea kurudi kwao Masisi wiki ijayo, na wiki ikipita atavunjika moyo. Aliyesoma barua nzima atapanda lengalenga leo, na mwakani bado atakuwa na tumaini.

Huna Biblia? Ulizia bei parokiani au kanisani kabla ya kununua sokoni. Kwenye simu, programu ya YouVersion ni ya bure. Gharama yako ni mega za kuipakua tu. Chagua Kiswahili, hifadhi maandishi siku mtandao uko vizuri, kisha utasoma hata mega zikiisha. Usishtuke ukiona ya Wakatoliki ina vitabu 73 na ya Waprotestanti 66. Yeremia yumo katika zote mbili.

Usisome peke yako kila siku. Nenda kwenye jumuiya ndogo ya mtaani kwenu, au kwenye kikundi cha kanisa la CBCA au cha kanisa lako, kuhudhuria hakulipiwi. Mkifungua sura, ulizeni: nani anasema, anamwambia nani, na kabla ya hapo kilitokea nini?

Na mtu akikuletea unabii kwamba vita vitaisha tarehe fulani, au utoe pesa ndipo akuombee? Usitoe hata franka moja, wala usiuze kiwanja. Soma mwisho wa Kumbukumbu la Torati 18, unaoeleza namna ya kumpima nabii. Soma pia Matendo 17:11: watu wa Beroya walichunguza maandiko hata baada ya kumsikia Paulo mwenyewe. Mama, baba, nawe una haki hiyo.

Habari za mlima ni jambo jingine. Biblia haikuandikwa ikuambie kama Nyiragongo italipuka kesho. Hapo sikiliza OVG, wataalamu wanaoupima mlima, na ujue rangi zao za tahadhari: kijani, njano, chungwa, nyekundu. Tarehe 27 Mei 2021 mamlaka ilipoamuru mitaa 10 ihame, waliokwenda Sake hawakupungukiwa imani. Zaburi ya 46 inataja milima inayotetemeka, nayo inasomeka hata njiani. Kwa hiyo weka Biblia katika mfuko uleule wenye vitambulisho, dawa na maji.