SOMO: WAJIBU WA KAMPUNI KWA JAMII NA NAMNA YA KUUTEKELEZA

Wajibu wa kampuni kwa jamii ni jambo linalotajwa mara nyingi katika hotuba za ufunguzi wa miradi na katika vikao vya shehia. Hata hivyo, maana yake bado haijafahamika sawasawa. Wapo wanaodhani kuwa kampuni imekwisha kutimiza wajibu huo pale inapokabidhi madawati kwa skuli mbele ya wapiga picha. Somo hili linakusudia kuwafafanulia watumishi wa Serikali na wananchi maana ya wajibu huo, kuonesha mfano mmoja uliopo hapa Zanzibar, na kutaja hatua ambazo kampuni yoyote, kubwa au ndogo, inaweza kuzifuata.

MAANA YA WAJIBU HUO

Mwaka 2010 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa mwongozo unaojulikana kwa nambari 26000. Mwongozo huo unaeleza kuwa kila taasisi inabeba dhamana ya athari za maamuzi na vitendo vyake kwa jamii na kwa mazingira. Umetaja mambo makuu 7: uongozi wa taasisi, haki za binadamu, hali za wafanyakazi, mazingira, uadilifu katika biashara, haki za wateja, na ushiriki katika maendeleo ya jamii. Mwongozo huo si sheria, wala haukutungwa kwa ajili ya kutolea vyeti.

Ni vyema kuzingatia kuwa misaada kwa wananchi imo katika jambo la 7 tu. Mambo 6 ya mwanzo yanahusu jinsi kampuni inavyoendesha kazi zake za kila siku. Kwa hivyo, hoteli inayovuta maji kupita kiasi hadi visima vya kijiji jirani vikaingia chumvi haiwezi kujitakasa kwa kununua jezi za timu ya kijiji hicho. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini sadaka hailipi deni la mtu mwengine.

Kabla ya yote ipo sheria. Mikataba ya kazi kwa mujibu wa Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005, michango ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, na tathmini ya athari za mazingira kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015, yote hayo ni amri. Kampuni inayoyatekeleza haijafanya hisani, bali imetii. Wajibu unaoelezwa katika somo hili huanzia hapo na kusonga mbele.

MFANO WA KISIWA CHA CHUMBE

Kisiwa cha Chumbe kipo kusini-magharibi ya Mji Mkongwe, na mnara wake wa taa uliojengwa mwaka 1904 unajulikana na mabaharia wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliundwa kampuni binafsi kwa azma ya kukihifadhi kisiwa hicho. Mwaka 1994 Serikali ilitangaza matumbawe ya upande wa magharibi kuwa hifadhi, na usimamizi wake ukakabidhiwa kampuni hiyo.

Hapo ndipo penye somo. Kuifunga sehemu ya bahari ni jambo zito, kwani mvuvi huona riziki yake imezuiliwa. Kampuni ingeweza kuajiri walinzi wenye silaha kutoka mbali, lakini iliwaajiri wavuvi wa vijiji vya jirani na kuwafunza kazi ya ulinzi wa hifadhi. Walinzi hao hawabebi silaha. Humkabili mvuvi mwenzao kwa maneno, wakimweleza kuwa samaki wanaozaliana ndani ya hifadhi hutoka na kuenea katika maji anayovua yeye. Maneno hayo yana uzito kwa kuwa msemaji naye anaijua ngalawa na anaijua njaa.

Majengo nayo yalifuata nia hiyo hiyo. Nyumba 7 za wageni zilijengwa ili zikusanye maji ya mvua kutoka mapaani, zitumie nguvu za jua, na vyoo vyake visitumie maji wala kumwaga uchafu baharini. Mapato yanayotokana na wageni hutumika kugharamia ulinzi wa hifadhi na ziara za mafunzo za wanafunzi wa skuli. Watoto wengi wa visiwani hukua karibu na bahari bila ya kuyaona matumbawe yaliyomo chini yake, na ziara hizo huwafungulia mlango. Mwaka 2000 Chumbe ilipata tuzo ya Global 500 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa.

Mfano huo haukosi tahadhari. Mwaka 2020, maradhi ya UVIKO-19 yalipokatisha safari za watalii duniani, ilidhihirika kuwa huduma kwa jamii inayotegemea chanzo kimoja tu cha mapato imo hatarini. Kampuni yenye hekima huweka akiba kwa siku kama hizo.

HATUA ZA UTEKELEZAJI

1. Uongozi ukubali kwanza. Bodi au mwenye mali aamue kwa maandishi, na mtu mmoja mwenye mamlaka akabidhiwe dhamana.

2. Kampuni ijikague yenyewe. Iulize maji yake yanatoka wapi, taka zake zinakwenda wapi, na nani anaathirika.

3. Wananchi washauriwe kabla ya uamuzi. Kikao na Sheha, wavuvi, wakulima wa mwani, wanawake na vijana kifanyike mapema, si baada ya ukuta kujengwa.

4. Bajeti itengwe. Nchini India, Sheria ya Makampuni ya mwaka 2013 inazitaka kampuni zilizofikia viwango maalumu kutumia angalau asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka 3 iliyopita. Pasipo na sheria kama hiyo, kampuni ijiwekee kiwango chake na ikiheshimu.

5. Wafanyakazi wahusishwe na wafunzwe. Kampuni inayowadhulumu watumishi wake haiwezi kuaminiwa na majirani.

6. Taarifa itolewe kila mwaka kwa Kiswahili fasaha, ikieleza yaliyofanyika na yaliyoshindikana.

NAFASI YA WATUMISHI NA WANANCHI

Mtumishi wa Serikali anayepokea ahadi ya mwekezaji hana budi kuiweka katika maandishi, kuitia tarehe, na kuifuatilia. Ahadi ni deni, na deni lisiloandikwa husahauliwa upesi na anayedaiwa. Aidha, haifai mtumishi kuomba msaada wa kampuni kwa manufaa yake binafsi, kwani akishapokea hatoweza tena kuikagua.

Wananchi nao wanapaswa kuhudhuria vikao, kudai taarifa kwa utaratibu, na kutoridhika na zawadi ya siku moja ilhali kisima, pwani au ajira yao inapotea kwa miaka mingi.

MASUALI YA KUJIPIMA

1. Kuna tofauti gani baina ya kutii sheria, kutoa sadaka na kutimiza wajibu kwa jamii?

2. Kwa nini kuajiriwa kwa wavuvi kuwa walinzi wa hifadhi ya Chumbe kulikuwa na manufaa kuliko kuleta walinzi kutoka mbali?

3. Katika shehia yako, ni ahadi gani za kampuni zilizoandikwa, na nani anazifuatilia?

Inatarajiwa kuwa wakuu wa idara na Masheha watalijadili somo hili pamoja na watumishi na wananchi walio chini yao.