SOMO: AMANA YA SAUTI
Jinsi ya Kuijaribu na Kuichagua Maikrofoni ya Darsa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Huenda msomaji akauliza: maikrofoni na dini wapi na wapi? Twajibu kuwa kila zama zina chombo chake cha kufikishia elimu. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui alikitumia kiwanda cha chapa, akatoa gazeti la Al-Islah huko Mombasa mwaka 1932. Na mwaka 1961 msomaji mashuhuri wa Misri, Sheikh Mahmud Khalil al-Husari, alirikodiwa akisoma Qur'ani nzima kwa tartili. Leo masheikh wetu watu wazima wanaondoka mmoja baada ya mmoja, na elimu iliyomo vifuani mwao yaondoka nao. Anayetaka kuihifadhi sauti zao hana budi kukijua chombo.

Maulamaa wa Hadithi humtaka mpokezi awe na mambo mawili: uadilifu, asizue; na dhabti, asisahau wala asichanganye. Maikrofoni nayo ni mpokezi wa kwanza kati ya sheikh na msikilizaji asiyemwona. Ikipoteza herufi, imepunguza. Ikitia mngurumo usiokuwapo, imezidisha. Na herufi si jambo dogo. Kwa Kiarabu *ithm* ni dhambi na *ism* ni jina. *Qalb* ni moyo na *kalb* ni mbwa. Kwa Kiswahili chetu, *dhana* si *zana*. Sauti za s na th zimo katika mawimbi ya juu, na chombo hafifu huzififisha hizo kwanza.

Aina zake. Zitumikazo zaidi ni mbili. Ya dainamiki ina koili ya waya ndani ya sumaku, ambayo sauti huitikisa. Haihitaji umeme wa kuiendesha, nayo ni ngumu. Ya kondensa, iliyobuniwa na E. C. Wente wa Marekani mwaka 1916, ina utando mwembamba mbele ya bamba. Hii huhitaji umeme, na zile za studio aghalabu hutaka volti 48. Husikia vitu vidogo vidogo, lakini humsikia na jogoo wa jirani. Huku kwetu Tuwan, mjini Kitale, nyumba nyingi ni za mabati, na mvua ikinyesha hapana somo litakalorikodiwa. Chumba cha namna hiyo, chenye mwangwi na kelele za njiani, mara nyingi chafaa dainamiki isikiayo zaidi upande wa mbele, nayo isogezwe karibu na mdomo. Mwenye chumba kimya, chenye mazulia na mapazia, na aichukue kondensa.

Namna ya kujaribu.

1. Rikodi dakika moja pasi na mtu kusema. Usikilize: je, pana mvumo au mkwaruzo?

2. Msomaji awe mmoja, maneno yawe yale yale, na masafa yawe shibiri moja kwa kila maikrofoni. Ukizidisha masafa mara mbili, nguvu ya sauti ya msomaji hupungua kadiri ya nusu, na mwangwi wa chumba hujitokeza. Ukikaribia mno, sauti huwa nzito kupita asili yake. Maikrofoni iwekwe kando kidogo ya mdomo, ili pumzi ya herufi p na b isiipige.

3. Zisawazishwe sauti kabla ya kulinganisha, kwani sikio hudhani iliyo kubwa ndiyo iliyo nzuri.

4. Kila moja ipewe nambari, jina na bei vifichwe. Wasikilizaji wawe wengi, na mzee asiyesikia vizuri awe miongoni mwao. Wasikilize kwa simu za kawaida, kwani ndizo zitakazotumika.

5. Wasomewe maneno ishirini yanayokaribiana kwa matamshi, nao wayaandike waliyoyasikia. Maneno yawe mengine kwa kila maikrofoni, lakini ugumu wake ulingane, wasije wakaandika kwa kukumbuka. Yenye makosa machache ndiyo bora. Huo ndio ushahidi; sifa za muuzaji si ushahidi.

Nasaha. Fedha za kununulia chombo hiki ni michango ya waumini, nayo ni amana. Kununua cha ghali ili tuonekane ni israfu na riyaa; kununua kibovu kwa kuwa ni rahisi, na somo likapotea, ni kuipoteza amana hiyo hiyo. Tusifuate jina wala mazoea, bali tupime kisha tuamue, kama tunavyohimizana kudai dalili katika mambo ya dini. Na sheikh akiwa yu hai, tusingoje chombo kilicho kamili: kilichopo, kikijaribiwa na kuwekwa vyema, ni bora kuliko kizuri kitakachofika baada ya mazishi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi.