Swala Angani: Kutoka Dubai hadi Kuala Lumpur



Ndugu zangu katika imani, wenzetu wanaokwenda kusoma Malaysia huniuliza: "Msafiri ameruhusiwa kukusanya swala. Si nitaswali zote nikishafika?" Tuanze na hesabu, kisha fiqhi.

Umbali na wakati

Tuseme umetoka Entebbe na unabadilisha ndege Dubai. Kutoka Dubai hadi Kuala Lumpur ni takriban kilomita 5,500, safari ya kama saa saba. Umbali unaoruhusu kupunguza swala, kwa makadirio ya wanazuoni wengi, ni kama kilomita 80. Kwa hiyo umbali hauna mjadala. Mjadala uko kwenye wakati.

Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa. Kati ya miji hii miwili kuna nyuzi 46 hivi za longitudo, yaani jua hutofautiana kwa kama saa tatu. Anayeruka kwenda mashariki hupishana na jua, na mchana wake hufupika.

Chukua ndege inayoondoka Dubai saa nne asubuhi. Adhuhuri haijaingia, hivyo huwezi kuiswali uwanjani. Itaingia baada ya kama saa moja na nusu angani. Kuanzia hapo hadi jua kuzama hutapata saa sita ulizozoea, bali kama saa nne na robo. Utatua saa tatu usiku kwa saa za Malaysia, na Magharibi itakuwa imeshaingia.

Hukumu yake

Suratun-Nisaa aya ya 103 inatufundisha kuwa swala ni faradhi yenye nyakati maalumu. Kukusanya ni Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha. Hakuna kukusanya Alasiri na Magharibi. Basi katika safari hii Adhuhuri na Alasiri lazima uziswali ndani ya ndege, rakaa mbili mbili. Magharibi na Isha unaweza kuzichelewesha mpaka utue, ukiwa umenuia hivyo kabla wakati wa Magharibi haujatoka. Anayefuata madhehebu ya Hanafi hakusanyi safarini. Ataswali kila moja kwa wakati wake.

Jiandae hivi

1. Tia udhu uwanjani, uulinde.
2. Usitegemee saa ya simu. Saa za Malaysia zimetangulia za Dubai kwa saa nne, lakini jua kwa tatu tu. Ndiyo maana Adhuhuri ya Kuala Lumpur huingia baada ya saa saba mchana. Tazama jua dirishani.
3. Katika njia hii Makka iko nyuma ya ndege. Omba wahudumu wakuonyeshe nafasi ya kusimama.
4. Ukizuiwa, usiiache swala. Swali ulivyoweza, kisha muulize shekhe wako kama utairudia.

Wakati wa kurudi

Kurudi magharibi mchana hurefuka. Ukila daku Kuala Lumpur, ukaondoka saa nne asubuhi, utatua Dubai kama saa saba mchana, na utafuturu kwa jua la Dubai. Saumu itaongezeka kama saa tatu. Ruhusa ya msafiri kufungua na kulipa imo katika Suratul-Baqara, aya 184 na 185. Lakini kwa Mashafii, aliyepambazukiwa mjini kwake akiwa amefunga hafungui kwa sababu ya safari aliyoianza mchana huo. Panga tiketi ukilijua hilo.

Kwa hiyo unapokata tiketi, soma saa ya kuondoka pamoja na ratiba ya swala. Wabillahi tawfiq.