Kamera, Harusi na Malezi: Kupanga Kipato cha Msimu

Upigaji picha za harusi ni biashara ya msimu. Katika mikoa ya Mbeya na Iringa, harusi hupungua sana wakati wa Kwaresima, kwani makanisa mengi hayafungishi ndoa. Kabla ya hapo, mwezi Januari, shule hufunguliwa na watoto huhitaji sare na madaftari.

Mzazi mwenye kamera anashauriwa kuzingatia mambo matatu. Kwanza, aandikiane mkataba na kamati ya harusi na kupokea malipo ya awali. Pili, agawe kila malipo siku ileile: gharama za kazi, matumizi ya nyumbani na akiba ya miezi isiyo na harusi. Tatu, kwa kuwa harusi nyingi hufanyika Jumamosi, apange mapema mwangalizi wa watoto na atenge siku nyingine kwa ajili ya familia.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: wanawake 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Kabla ya kukopa ili kununua kamera, wanakikundi wajiulize: je, rejesho litalipika katika mwezi usio na harusi hata moja?

Maelezo zaidi yanapatikana kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.