Kuhesabu Gorila wa Bwindi

Wengi wetu hudhani kuwa kazi ya kupokea watalii ni kujenga hoteli na kupiga ngoma langoni. Lakini katika msitu wa Bwindi, kusini-magharibi ya Uganda, ambako watalii walianza kupelekwa kutazama gorila mwaka 1993, kazi kubwa ni hesabu: gorila ni wangapi, na watu wangapi waruhusiwe kuwaendea?

Msilidharau swali hilo. Gorila huambukizwa maradhi yetu. Mwaka 1996 kundi moja la Bwindi liliingiwa na upele, na mtoto wa gorila akafa. Basi siku hizi kila kundi lililozoezwa watu huendewa na watalii 8 tu kwa siku, nao hukaa saa moja. Makundi yakiwa 10, vibali ni 80. Cha 81 hakiuzwi, hata mgeni awe tajiri namna gani.

Lakini gorila hangoji kuhesabiwa. Kila jioni hujitengenezea kitanda kipya cha majani, na asubuhi huondoka akiacha kinyesi humo. Wahesabuji hufuata njia zake, wakahesabu vitanda. Kitanda kimoja, gorila mmoja. Watoto wachanga hulala na mama zao.

Mwaka 2002 vitanda vilitoa jumla ya gorila 320, na mwaka 2006 vikatoa 336. Mtu angefurahi na kusema, "Wameongezeka, tuzoeze makundi mengine kwa ajili ya watalii." Ila safari ile ya 2006 kinyesi kilipelekwa pia maabara kupimwa vinasaba, na jibu likawa 302. Wale 34 walikwenda wapi? Hawakuwako kabisa! Ilionekana kuwa gorila mmoja aweza kutengeneza zaidi ya kitanda kimoja kwa usiku. (Mimi simlaumu. Aliyelala bweni lenye kunguni anajua.)

Makosa hayakuwa ya upande mmoja tu. Mwaka 2011 msitu ulipitiwa mara mbili, wakapatikana 400, maana mpito mmoja huacha wengine vichakani. Kwa hiyo si wote waliozidi wale 302 waliozaliwa katika miaka ile mitano; wengine walikuwako siku zote bila kuonwa. Hesabu ya 2018, pamoja na Sarambwe upande wa Kongo, ilitoa 459, nayo pia ilipita msitu mara mbili.