SOMO LA KILIMO: Kumwagilia Mizabibu Baada ya Kupogoa, kwa Kufuata Hali ya Hewa

Juma hili twataka kuwafundisha jambo ambalo wakulima wengi wa mizabibu hulichukua kuwa ni dogo, kumbe ndilo lenye kuamua kama mtu atavuna au atalia. Jambo lenyewe ni kiasi cha maji yanayofaa kupewa mzabibu tangu siku unapopogolewa mpaka siku matunda yanapokatwa. Mfano wetu tumeuchukua Dodoma, katikati ya Tanzania, kwa kuwa huko ndiko zabibu zilikostawi zaidi katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Walakini somo hili lamfaa pia mtu wa Kenya mwenye mizabibu katika sehemu za Naivasha au Yatta, na hata yule mwenye mzabibu mmoja tu nyuma ya nyumba yake mjini.

NCHI YENYEWE

Dodoma ni nchi ya Wagogo, iliyo juu ya bahari kwa mita 1,100 hivi. Mvua yake ni haba. Kwa mwaka mzima hunyesha kati ya milimeta 500 na 600, nayo huja kwa msimu mmoja tu, tangu mwezi wa Desemba hadi Aprili. Miezi iliyobaki ni ya jua na upepo mkavu utokao kusini-mashariki. Huenda mtu akadhani kwamba nchi kama hiyo haifai kwa matunda. Lakini mzabibu hupenda jua, tena hauogopi ukavu kama mti mwingine uogopavyo, mradi upewe maji kwa wakati wake.

Katika nchi za baridi kama Ufaransa, mzabibu hulala wakati wa baridi na huzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima mwenyewe ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa, kazi ambayo wengine huiita kukatia. Kwa sababu hiyo zabibu za Dodoma huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka, yaani Februari hadi Machi, na tena Agosti hadi Septemba. Tangu kupogoa hadi kuvuna ni kama miezi minne.

Sasa tazama vizuri, ewe msomaji. Misimu hii miwili haifanani hata kidogo. Mzabibu uliopogolewa mwezi wa Oktoba huanza katika ukavu na joto, kisha huiva katika mvua. Uliopogolewa mwishoni mwa Aprili huanza katika ardhi yenye maji, kisha huiva katika ukavu. Basi mkulima anayemwagilia kwa namna moja katika misimu yote miwili ni sawa na mtu avaaye koti zito Mombasa na Limuru pia.

NDUGU WAWILI

Tuseme wapo ndugu wawili wenye mashamba yaliyopakana, kila mmoja ekari moja. Mkubwa hufuata kalenda: kila Jumatatu na Alhamisi hufungua maji, liwake jua au inyeshe mvua, awe amepogoa jana au miezi miwili iliyopita. Mdogo hana siku maalumu. Kila asubuhi huitazama mbingu, hupima mvua kama imenyesha, na huchimba kidogo shinani mwa mzabibu. Majirani humcheka mdogo wakisema ni mvivu, kwa maana huonekana amesimama tu shambani akikanda udongo mkononi.

Yafika mwezi wa mavuno. Mkubwa amelipia mafuta mengi ya pampu, matawi yake ni marefu na majani ni mengi, lakini vishada ni vichache na zabibu zake zimepasuka na kuoza. Mdogo ametumia maji machache, naye ana matunda matamu. Je, ni bahati? La. Na tueleze sababu.

KWA NINI MZABIBU ULIOPOGOLEWA HAUNA KIU KUBWA

Mti hunywa maji kwa mizizi na kuyatoa hewani kwa majani. Palipo na majani mengi, maji mengi hutoka. Pasipo na majani, hutoka machache mno. Mzabibu uliokwisha pogolewa hauna majani. Ukiumwagia maji mengi, hauna njia ya kuyatumia. Yatakaa udongoni na kuifukuza hewa ambayo mizizi huivuta, au yatazama chini yakichukua mbolea uliyoinunua kwa fedha yako. Mizizi iliyokosa hewa huoza, na macho ya mti huchelewa kufunguka.

Hata hivyo haifai kuuacha mkavu. Macho hayawezi kufunguka sawasawa kama mizizi haina unyevu. Alama njema ni kuona matone yakidondoka mahali palipokatwa. Wakulima wengine huogopa wakidhani mti unakufa. Usiogope, hayo ni maji yanayopandishwa na mizizi, nayo yaonyesha kwamba mizizi i hai na udongo una unyevu.

HESABU YA MAJI

Kila mtu aliyepita shule aweza kuifanya hesabu hii. Kumbuka jambo moja: maji yenye kina cha milimeta 1 juu ya eneo la mita 1 ya mraba ni lita 1.

Tuseme mizabibu yako imepandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 2. Kila mzabibu basi una mita 6 za mraba. Siku ya jua kali na upepo, shamba la majani mafupi yaliyonyeshewa vizuri huweza kupoteza milimeta 6. Siku ya mawingu na utulivu huenda ikawa milimeta 3 tu. Bwana shamba au watu wa hali ya hewa waweza kukupa kipimo cha mahali pako.

Mzabibu hautumii kiasi hicho chote. Mwanzoni, macho yanapofunguka, hutumia sehemu 3 katika 10. Majani yanapokuwa yamejaa hutumia sehemu 7 katika 10. Karibu na mavuno hushuka hadi kati ya 4 na 5. Kwa hiyo, siku ya jua na upepo kila mzabibu hutaka:

Macho yanapofunguka: lita 11 hivi.
Majani yakiwa kamili: lita 25 hivi.
Matunda yakiwa karibu kuvunwa: lita 16 hivi.

Siku ya mawingu na utulivu, gawa kila hesabu kwa mbili. Tena kama unamwagilia ndani ya kibirika kidogo shinani tu, na katikati ya mistari ni pakavu, mahitaji yatakuwa chini ya hapo.

Angalia basi hasara ya yule ndugu mkubwa. Ekari moja ina mizabibu 670 hivi. Akiupa kila mmoja lita 25 wakati unapotaka 11, amepoteza lita 14 kwa kila mzabibu, yaani zaidi ya lita 9,000 kwa mahitaji ya siku moja. Hayo ni madebe zaidi ya 450 katika nchi ambako mama hutembea mbali akitafuta debe moja la kupikia. Wazee walisema kweli kwamba maji yakimwagika hayazoleki.

KUPIMA MVUA

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu peke yake hayanyweshi mti. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, liweke mahali wazi mbali na miti na nyumba, na kila asubuhi pima kina cha maji kwa rula. Manyunyu ya milimeta 2 au 3 hulowanisha vumbi tu, nayo hukauka kabla ya kuifikia mizizi. Usiyahesabu.

Tuseme imenyesha milimeta 20. Kwa mita 6 za mraba hiyo ni lita 120. Toa robo kwa ajili ya maji yaliyotiririka na yaliyokauka. Zabaki lita 90. Kama macho ndiyo kwanza yanafunguka, lita 90 zatosha siku 8. Kama majani yamejaa, hazifiki hata siku 4. Mvua ni ile ile, lakini thamani yake si ile ile. Hapa ndipo wengi hukosea: huona mvua na kufunga maji kwa majuma mawili katika wakati wa kuchanua, maua yakapukutika.

Baada ya hesabu, uulize udongo wenyewe. Chimba kwa kina cha sentimeta 30 karibu na shina, uchukue udongo, uufinye mkononi. Ukishikamana na kuacha unyevu kiganjani, ngoja. Ukivunjika kama unga, mwagilia. Udongo wa kichanga hushika maji machache. Umwagilie kidogo kidogo na mara kwa mara. Udongo wa mfinyanzi hushika mengi. Umwagilie kwa nafasi, na usikubali maji yatuame.

MPANGO WA MIEZI MINNE

Kwanza, kabla ya kupogoa. Punguza maji taratibu kwa majuma mawili au matatu ili mzabibu upumzike. Kisha pogoa, na baada ya kupogoa mwagilia mara moja kwa kina ili unyevu ufike kwenye mizizi yote. Ikiwa mvua za Aprili zimeiacha ardhi imelowa, maji hayo hayana haja.

Pili, tangu macho kufunguka hadi matawi kuwa na urefu wa mkono. Mwagilia kwa kiasi. Maji mengi wakati huu huleta matawi marefu yenye majani mengi, na kivuli chake huzuia upepo kupita.

Tatu, kuchanua na kufunga matunda, yapata majuma 5 au 6 baada ya kupogoa. Huu ni wakati wa hatari. Ukavu hupukutisha maua. Usiache udongo ukauke, wala usiuzamishe. Siku za upepo mkavu, ongeza. Lakini mvua ikinyesha na majani yakakaa maji muda mrefu, uangalie ubwiri vinyoya, ugonjwa unaopenda majani yaliyolowa. Katika miezi mikavu na ya ubaridi, uangalie ubwiri unga, ambao hauhitaji mvua. Kila ugonjwa una dawa yake. Mwulize bwana shamba. Nawe daima mwagilia ardhini, wala usinyunyizie majani.

Nne, matunda yanapokua. Maji yawe ya kawaida na sawasawa. Zabibu iliyokaa na kiu, kisha ikapewa maji mengi ghafula, hujaa kupita uwezo wa ngozi yake na kupasuka. Katika ufa huo nyuki na nyigu huingia, na uozo hufuata.

Tano, matunda yanapoanza kulainika na kugeuka rangi. Punguza maji, lakini usiyakate kabisa ikiwa ni Agosti na upepo unavuma, maana majani yakikauka hakuna kitakachotengeneza sukari. Ikiwa ni Februari na mvua inanyesha, funga maji yako, chimba mifereji ya kutoa maji shambani, na uondoe majani machache yanayofunika vishada ili upepo uvikaushe.

Sita, baada ya kuvuna. Wengine huupa mzabibu kisogo mara fedha iingiapo mfukoni. Hilo ni kosa. Majani yaliyobaki hutengeneza chakula na kukiweka akiba katika shina na mizizi, na kwa akiba hiyo mti utaanza msimu ujao. Mwagilia tena, kisha ukikaribia kupogoa, punguza kama tulivyosema.

MWISHO

Wasomaji, hatusemi kwamba mkulima aweza kuitawala mvua. Hilo halikuwezekana zamani, wala haliwezekani leo. Lakini aweza kuipima, na aweza kuyatawala maji yaliyo kisimani mwake. Kopo, rula, daftari na mkono wenye kufinya udongo, hivyo vinne bei yake ni ndogo kuliko pipa moja la mafuta ya pampu. Aandikaye kila siku mvua iliyonyesha na maji aliyotoa, baada ya misimu miwili atakuwa na kitabu cha shamba lake mwenyewe, ambacho hakuna mtaalamu aliye nacho.

MASWALI YA KUJIULIZA

1. Kwa nini mzabibu uliopogolewa jana hautaki maji mengi?
2. Mizabibu yako ina nafasi ya mita 2 kwa mita 2. Mvua ya milimeta 15 imenyesha. Ukitoa robo, kila mzabibu umepata lita ngapi? (Jibu: lita 45.)
3. Maji hayo yatatosha siku ngapi, ikiwa kila mzabibu wahitaji lita 15 kwa siku? (Jibu: siku 3.)
4. Ni kitu gani kinachopasua zabibu, nawe utakizuiaje?

Mwenye kusoma na amsomee jirani asiyejua kusoma.